Tanga kwa Fielder ya mkopo, siku sita: twende au tubaki?

Barua

Mshauri, hujambo?

Sisi ni familia ya Kasarani. Kila Desemba safari yetu huwa ni Mombasa, na mwaka huu mimi na mume wangu tumekubaliana tuvuke mpaka, tuione pwani ya Tanzania kwa gari letu wenyewe. Gari ni Toyota Fielder ya 2013, injini ya cc 1500. Tutakuwa watano: sisi wawili, watoto wetu wa miaka 9 na 6, na binti ya dada yangu wa miaka 14. Siku tulizo nazo ni sita. Mume wangu anapanga tutoke Nairobi alfajiri, tupitie Namanga, tulale Tanga siku hiyohiyo, kisha Pangani, Bagamoyo na Dar es Salaam, turudi kupitia mpaka wa Horohoro na Mombasa.

Yananikosesha usingizi mambo matatu. Gari lina mkopo wa sacco, na logbuku ina majina mawili, la mume wangu na la sacco. Halafu shemeji yangu anashikilia kwamba vitambulisho vyatosha kwa kuwa Afrika Mashariki ni moja, na trafiki akitusimamisha tutoe kitu kidogo tuendelee. La tatu, mwezi uliopita taa nyekundu ya joto la injini iliwaka mara mbili tukiwa kwenye msongamano wa Mlolongo na eyasi (kiyoyozi) imewashwa. Magari yakianza kusonga taa inazimika. Fundi wa mtaani aliongeza maji akasema hakuna shida.

Twende?

Mama Wawili, Kasarani

Jibu

Mama Wawili, nendeni. Ila mpango wa baba watoto umebana mno, na gari hilo halijawa tayari kuvuka hata Kitengela. Acha nianze na gari, maana makaratasi hutengenezeka kwa wiki mbili tatu za kuzunguka ofisi, lakini hedi gasketi, ile pakingi ya kichwa cha injini, ikiungua kule Tanzania kati ya Makanya na Hedaru, jua la saa nane mchana likiwa juu ya vichwa vya watoto, hakuna ofisi ya kukimbilia.

Fielder ya mwaka huo haina geji ya joto. Ina taa ya buluu injini ikiwa baridi, ikipata moto taa inazimika, na joto likizidi inakuja nyekundu. Kati ya hizo mbili dereva hajui lolote. Kwa hiyo nyekundu ikiwaka, ujue injini imeshateseka. Na gari linalochemka likisimama na kupoa likitembea linakutajia lenyewe ugonjwa wake: barabarani upepo ndio unaopoza rejeta, kwenye foleni hakuna upepo, ni feni peke yake.

Asubuhi injini ikiwa baridi, fungueni boneti, washeni gari, kisha eyasi. Feni iliyo mbele ya injini inatakiwa kuanza kuzunguka ndani ya sekunde chache tu, na kwa nguvu, hata ukiweka kiganja nyuma yake uusikie upepo (kiganja kikae mbali na mapanga). Isipozunguka, fundi wa umeme aanze na fyuzi, aende kwenye rilei, amalizie na mota yenyewe. Ikizunguka kivivu, mota imechoka, badilisheni. Ikizunguka vizuri, geukieni rejeta. Mbele yake kuna kondensa ya eyasi, na katikati ya hizo mbili hukaa vumbi, wadudu na matope ya miaka. Kwa mbele utaona ni safi, kumbe ndani pameziba. Huoshwa kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kuja nje. Mashine ya kuoshea magari ikielekezwa karibu hulaza yale mapezi membamba, na hapo mmeharibu zaidi.

Hayo maji ya fundi sikuyapenda. Maji ya bomba huleta kutu na magamba ndani ya injini na hupunguza nguvu ya kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokuwamo. Mwageni yote, suuzeni mfumo, mjaze kulanti ya waridi ya Toyota au inayolingana nayo, ambayo tayari imechanganywa na maji. Injini hii hubeba karibu lita 5. Msichanganye ya waridi na ya kijani. Badilisheni na kifuniko cha rejeta kama mpira wake umekakamaa, mchukue chenye namba ileile ya presha iliyoandikwa juu yake. Wakati wa kujaza, injini iungurume kifuniko kikiwa wazi na hita imewekwa kwenye moto wa juu mpaka mapovu yaishe. Yaliyokwama ni hewa, nayo hutoka. Mapovu yasipokoma, na kulanti ikawa inapungua bila kuvuja popote, hiyo ni dalili ya hedi gasketi, na safari isubiri.

Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kupimia lililo chini ya dashibodi, kinachotuma namba za injini kwenye simu. Nunueni. Gari lisilo na geji linakihitaji kuliko jingine lolote. Joto la kawaida litacheza kati ya nyuzi 85 na 97 hivi. Likikaribia 105, zimeni eyasi, fungueni hita hata kama mtalia kwa joto, mtafute pa kuegesha. Kifuniko cha rejeta hakiguswi mpaka injini ipoe kabisa. Baada ya matengenezo, lirudisheni gari Mlolongo saa kumi na moja jioni na eyasi yake, watu watano ndani. Likipita mtihani huo, joto la Same halitalishinda.

Magurudumu nayageukia kwa haraka. Someni namba nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa gurudumu: mbili za mbele ni wiki, mbili za nyuma ni mwaka. Zaidi ya miaka mitano au sita, au tairi yenye nyufa ndogondogo, siendi nayo safari ndefu, hata kama meno yake bado yapo. Presha ni ile ya kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ipimwe asubuhi gurudumu likiwa baridi. Mchana presha hupanda yenyewe. Anayeipunguza wakati huo anaendesha gurudumu lenye upungufu, nalo huchemka na kupasuka. Halafu inueni zulia la buti. Fielder nyingi zilikuja na pampu na chupa ya gundi badala ya spea. Gundi hiyo huziba tundu la msumari, ila ubavu uliochanika haitausaidia. Tafuteni spea ya saizi yenu, jeki na wili spana, na baba watoto afungue nati moja ya kila gurudumu nyumbani, ajue kama zilikazwa na mashine hadi haziachii kwa mkono.

Sasa makaratasi. Shemeji ana nusu ya ukweli. Kusafiri kwa kitambulisho ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Mwahitaji pasipoti za Afrika Mashariki, watoto wote pamoja, au kibali cha muda cha kusafiria kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Viza hamlipi. Kila mmoja awe na cheti cha homa ya manjano, na chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Kama mlichanjwa zamani msihangaike, tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, ilimradi mkipate kwenye droo mlimokitupa.

Binti ya dada yako hana mzazi wake garini, na hapa familia nyingi hukwama. Aandikiwe barua ya ridhaa na wazazi wake, iapishwe na wakili, itaje majina yenu, namba za pasipoti, nchi mnakokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Iambatane na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Afisa akimuuliza binti mwenyewe anakwenda wapi na nani, ajibu bila kukutazama wewe kwanza. Mfundisheni.

Sacco si kikwazo, mradi msifike mpakani kimyakimya. Jina la mume wako liko kwenye logbuku na yeye mwenyewe yumo garini, hilo ni jema. Linalokosekana ni idhini ya mwenye jina la pili. Waombeni barua yenye nembo, sahihi na mhuri, inayotaja namba ya gari, namba ya chasisi na ya injini, jina la dereva, Tanzania kama nchi mnayokwenda, na tarehe. Waambatanishe nakala ya logbuku iliyothibitishwa. Tarehe za barua zizidi zenu kwa wiki moja, gari likiharibika ugenini msije mkawa na barua iliyokufa. Nakala tatu za kila kitu, na asili zote kwenye bahasha moja anayoishika mtu mmoja.

Kwenye bima ndipo wengi hujidanganya. Mtahitaji Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo hutolewa na kampuni yenu ya bima hapahapa Nairobi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki kwenye mpango huo wa kadi, kwa hiyo inafanya kazi. Ila kadi hiyo ni ya kumlipa mwingine mtakayemgonga. Gari lenu likibingirika Mombo, kadi hiyo haililipii. Chukueni karatasi za bima yenu ya komprehensivu, ile inayolipia na gari lenu, mtafute kifungu cha mipaka ya kijiografia. Kikisema Kenya pekee, waambieni waongeze Tanzania kwa maandishi kabla hamjaondoka. Sacco nao wataliuliza hilo, maana gari ni dhamana yao.

Namanga kuna kituo cha pamoja, na mnapotoka Kenya shughuli za nchi zote mbili hufanyikia kwenye jengo la upande wa Tanzania. Msisimame kwenye jengo la Kenya kwa kuwa tu mmeliona kwanza. Mtaanza na afya, mwende uhamiaji wa Kenya, kisha wa Tanzania kwenye dirisha la jirani, halafu forodha: KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, wanaandika kwamba gari limetoka kwa muda, na TRA, wenzao wa Tanzania, wanawapa kibali cha kuliingiza kwa muda. Mtakutana na vijana waliovaa vitambulisho shingoni wakiwaharakisha. Wakala wa kweli wa forodha ana ofisi, hutaja bei yake kabla hajagusa karatasi, na kila ada ya serikali ina stakabadhi. Asiyetoa stakabadhi, msimpe hata kalamu.

Kabla ya kuondoka dirishani someni kibali cha TRA neno kwa neno. Namba ya gari ni yenu? Chasisi haikukosewa herufi? Siku ni ngapi? Ombeni zaidi ya mnazohitaji, kwa sababu kibali kilichopita muda ni faini. Mwambieni afisa wazi kwamba mtatokea Horohoro, msirudi Namanga.

Shilingi za Kenya badilisheni benki au kwenye duka la fedha. Laini ya simu ya huko husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo inunueni dukani. Mifuko ya plastiki ya kubebea iacheni Nairobi, Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Na mkiulizia mafuta, wenyeji huita sheli, hata kama kampuni ni nyingine.

Barabara yenyewe haitawasumbua. Ni lami kutoka Nairobi hadi Tanga, na wote tunaendesha kushoto. Kinachowashinda Wakenya ni kibao cha 50. Mtaa au kijiji kikianza kuna kibao cha 50, na kijiji kikiisha kuna kibao hichohicho kilichopigwa mstari. Katikati yake mwendo ni 50, hata kama nyumba zimeisha na mbele ni mkonge mtupu mpaka upeo wa macho. Dereva wa Nairobi akiona nyumba zimeisha hukanyaga mafuta. Hapo ndipo trafiki anapowapiga tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo, amekaa kivulini, picha ya gari lenu na namba 71 ikirushwa kwa mwenzake aliye mbele, naye huyo ndiye anayewapungia mkono. Wa nyuma hamtamwona kamwe. Njia ya kuiepuka ni ya kazi: abiria wa mbele awe mtu wa vibao. Kibao cha kuanza akitaje kwa sauti, cha kumaliza akitaje kwa sauti, dereva asifikiri. Binti wa miaka 14 anaiweza kazi hiyo kuliko mtu mzima anayesinzia.

Kivuko cha waenda kwa miguu nacho ni sheria inayofuatwa. Mtu akiweka mguu kwenye mistari, simameni kabisa. Tabia yetu ya kumpigia honi arudi nyuma iacheni Thika Road.

Mkikosea, faini ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000 za Tanzania. Ombeni karatasi yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, mlipe kwa wakala yeyote wa pesa za simu, mtunze ujumbe wa risiti. Habari ya kitu kidogo mwacheni nayo shemeji. Faini hiyo ina bei inayojulikana, rushwa haina, na nyie ni wageni wenye namba za Kenya zinazoonekana kutoka mbali. Akitaka kukagua gari, awakute na pembetatu mbili, kizima-moto ambacho hakijapita muda, na watu watano waliofunga mikanda mitano.

Tufike kwenye siku zenu. Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 165, Namanga hadi Arusha 110, Arusha hadi Moshi 80, Moshi hadi Segera 280, na Segera hadi Tanga 75. Jumla 710. Kwa ramani ya simu baba watoto ameona siku moja. Chukueni kipande cha Moshi hadi Tanga peke yake, kilomita 355. Tuseme 100 kati ya hizo ni za vijiji: Himo, Mwanga, Same, Makanya, Hedaru, Mkomazi, Mombo, Korogwe, Muheza. Hizo kwa 50 ni saa mbili kamili. Zilizobaki 255 kwa 90 ni saa mbili na dakika 50. Ongezeni chakula, choo cha watoto na malori msiyoweza kuyapita mlimani, jumla ni saa sita na nusu njiani. Na hapo Namanga bado hatujaihesabu, wala giza, ambalo kwenye njia hiyo lina malori yaliyokufa barabarani bila taa, na alama yao ni matawi ya miti yaliyotandazwa kwenye lami.

Kwa hiyo siku ya kwanza mlale Moshi. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, Namanga mfike saa mbili kabla ya mabasi kujaa, mpewe saa mbili za madirisha, na saa tisa hivi mko Moshi watoto wanautazama mlima mawingu yakikubali. Siku ya pili Tanga. Siku ya tatu na ya nne ni zenu: Mapango ya Amboni nje kidogo ya mji, magofu ya Tongoni kwenye njia ya Pangani, na Pangani yenyewe, kilomita 50 hivi kutoka Tanga. Barabara ya Pangani imekuwa kwenye ujenzi wa lami, na Desemba mvua za vuli huenda bado zinanyesha, kwa hiyo waulizeni madereva wa Tanga asubuhi hiyohiyo. Kuendelea kusini kupitia Saadani kwa Fielder wakati wa mvua nasema hapana. Gari liko chini, udongo unashika, na mkikwama mtakaa.

Dar na Bagamoyo ziacheni. Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350 kwenda na nyingine 350 kurudi, na mji wenyewe una foleni ya kuwakumbusha Mlolongo. Mwaka mkipata siku tisa, njia nzuri ni kutoka Segera hadi Msata, mkate kushoto kwa lami hadi Bagamoyo, mkaingia Dar kupitia Bunju, bila kugusa msongamano wa Chalinze na Kibaha.

Siku ya tano ni Tanga hadi Horohoro, kilomita 65 hivi. Jazeni tangi Tanga mkilinganisha bei: huko EWURA, wasimamizi wa nishati, hubadilisha bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, hapa wenzao wa EPRA hubadilisha katikati ya mwezi. Kwa mzunguko wote, Pangani ikiwemo, ni kama kilomita 1,460, na Fielder iliyobeba watu watano na mizigo mpigie hesabu ya kilomita 13 kwa lita, yaani lita 112, mweke akiba ifike 120.

Mkiwa Horohoro msifurahie nyumbani mapema mkapita na kibali cha TRA mfukoni. Kikabidhini, mhakikishe kimefungwa kwenye mfumo na si kugongwa mhuri tu, na KRA waandike kwamba gari limerudi. Kibali kilichoachwa wazi huonekana kama gari lililobaki Tanzania bila kulipiwa ushuru, na mtakumbushwa siku mkirudi tena mpakani, pengine miaka miwili baadaye, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Laleni Diani. Siku ya sita msiende kupanga foleni ya feri ya Likoni, shikeni barabara ya Dongo Kundu mtokee upande wa Miritini, mko kwenye Mombasa Road kabla jua halijakuwa kali. Mkitoka Diani saa kumi na moja, Mlolongo mtaikuta mchana, foleni ya jioni haijaanza.